Makovu ya Metropolis: kuitazama upya filamu iliyorudishiwa viungo vyake

Mara ya kwanza picha ilipochafuka nilidhani kifaa changu kimeharibika. Kwa dakika kadhaa nilikuwa nimezoea weusi mzito na weupe safi wa toleo lililokarabatiwa la Metropolis, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1927, kiasi cha kuona mishono ya makoti ya waigizaji, kisha ghafla skrini ikajaa michirizi ya wima kama mvua inayopiga kioo cha dirisha, picha ikafifia ikawa kijivu, na ukanda mweusi ukajitokeza upande wa kushoto na mwingine juu. Baada ya sekunde chache usafi ukarejea. Kisha mvua ile ikanyesha tena. Ilinichukua muda kutambua kwamba hapakuwa na hitilafu yoyote, na kwamba nilichokuwa nikitazama ni vipande ambavyo sehemu kubwa ya dunia haikuviona kwa miaka ipatayo 80, navyo vilikuwa vimeshonwa mahali pake na watu walioamua kutouficha mshono.

Nilikutana na filamu hii kwa mara ya kwanza miaka mingi iliyopita, katika nakala ya takriban saa moja na nusu iliyokuwa imenakiliwa kutoka nakala nyingine ambayo nayo ilikuwa nakala. Nyuso za waigizaji zilikuwa nyeupe kama zimepakwa unga, na piano iliyosikika nyuma ilikuwa ikisindikiza filamu nyingine kabisa, si hii. Niliipenda jinsi mtu anavyopenda gofu la jumba la kale, kwa heshima ya kile lilichowahi kuwa. Kilichobaki akilini mwangu kilikuwa mnara, mwanamke wa chuma, mafuriko, na kisa kisichoshikamana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Fritz Lang, mwongozaji wake, alikuwa fundi mkubwa wa picha na msimuliaji hafifu wa hadithi. Naandika haya ili kuifuta nusu ya hukumu hiyo. Nusu nyingine nabaki nayo, na nitaeleza kwa nini.

Metropolis ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, katika ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo, ikiwa na urefu wa mita 4,189 za mkanda, yaani saa mbili na nusu kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Upigaji picha ulikuwa umeanza Mei 1925 na kumalizika Oktoba 1926, na gharama zilikuwa zimevuka kila makadirio. Kampuni ya Ufa iliyoitengeneza ilikuwa imeelemewa na madeni na imejifunga kwa mkataba na Paramount na Metro-Goldwyn-Mayer za Marekani, mkataba uliowapa Wamarekani hao sauti kubwa katika usambazaji. Paramount ikamkabidhi filamu hiyo mwandishi wa tamthilia Channing Pollock aifupishe na kuiandikia upya vibao vya maandishi vinavyosomwa kati ya picha katika filamu bubu, naye akaifumua na kuishona kisa kingine. Huko Ujerumani kwenyewe filamu ndefu ilidumu kwa miezi michache tu, kwa sababu kufikia Agosti mwaka huohuo Ufa ilikuwa imetoa toleo fupi la mita 3,241 lililofuata mkato wa Kimarekani. Karibu robo nzima ilikuwa imeondolewa, na hakuna aliyejali kuhifadhi kilichoondolewa. Filamu bubu iliyokwisha kuoneshwa ilikuwa bidhaa iliyokwisha kuuzwa.

Kilichofuata ni miongo mingi ya watu wenye subira. Enno Patalas huko Munich aliunganisha vipande vilivyotawanyika katika hifadhi mbalimbali, akatoa toleo lake mwaka 1987. Martin Koerber, akifanya kazi kwa niaba ya wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, akaongoza ukarabati wa mwaka 2001, ambao ulitumia mikanda bora iliyokuwapo na kujaza mapengo kwa maandishi yanayoeleza nini kilipaswa kuwapo. Mwaka huohuo filamu ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, ikiwa filamu ya kwanza kupata hadhi hiyo. Wengi waliamini kwamba safari imeishia hapo, na kwamba robo ile imepotea moja kwa moja.

Lakini jungu kuu halikosi ukoko. Mwaka 1928 msambazaji mmoja aitwaye Adolfo Z. Wilson alikuwa amepeleka Argentina nakala ya filamu ndefu, kabla mkasi haujaenea kila mahali. Nakala hiyo ikaangukia mikononi mwa mhakiki wa filamu Manuel Peña Rodríguez, ikapitia mkusanyiko wa serikali, na hatimaye ikafika katika Museo del Cine huko Buenos Aires. Katika safari hiyo ilinakiliwa kutoka mkanda wa milimita 35 kwenda mkanda mwembamba wa milimita 16, kwa sababu mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati, kemikali inayowaka kwa ukali mno na kuendelea kuwaka hata ikizamishwa majini. Mtafiti Fernando Peña alikuwa amesikia miaka mingi kabla, kutoka kwa msimamizi wa klabu ya filamu, kisa cha onyesho moja ambapo iliwabidi kuubana mkanda kwa kidole kwenye projekta kwa zaidi ya saa mbili ili picha isiruke. Mtu mwingine angecheka na kuendelea na shughuli zake. Peña alijiuliza swali moja: iwapo toleo linalojulikana duniani halifiki saa mbili, kidole kile kilikuwa kinabana nini muda wote huo? Paula Félix-Didier alipokuwa mkurugenzi wa jumba hilo la makumbusho mwaka 2008, wawili hao wakafungua makopo. Ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu.

Nakipenda kisa hicho kuliko visa vingi vya uvumbuzi, kwa kuwa kidokezo hakikuwa waraka wala ramani. Kilikuwa maumivu ya kidole cha mtu, yakasimuliwa kama mzaha.

Ni nakala hiyo ya milimita 16 inayoeleza mvua niliyoiona. Mkanda wa 1928 ulikuwa umezungushwa kwenye projekta mara nyingi, ukakwaruzwa na kupakwa mafuta, na waliponakili hawakuusafisha kwanza. Mikwaruzo ile, badala ya kubaki juu ya mkanda ambako ingeweza kufutwa, ikapigwa picha pamoja na filamu yenyewe na kuwa sehemu ya picha. Kilichoharibika mara moja kikawa kimeharibika milele katika kila nakala inayotokana nacho. Aidha, dirisha la mashine ya kunakili lilikuwa na vipimo tofauti na vya fremu ya filamu bubu, kwa hiyo sehemu ya kushoto na ya juu ya kila picha ilikatwa. Ndiyo asili ya kanda nyeusi. Mafundi walitumia programu za kompyuta kupunguza mikwaruzo hadi pale ambapo kupunguza zaidi kungeanza kufuta nyuso za waigizaji, wakasimama hapo. Wangeweza kuivuta picha ijaze skrini, na watazamaji wengi wasingejua. Wakaacha pengo liwe pengo. Toleo hilo lilizinduliwa tarehe 12 Februari 2010 kwenye tamasha la filamu la Berlin, likisindikizwa na okestra, huku watu wengine wakilitazama nje katika baridi kwenye skrini iliyowekwa penye Lango la Brandenburg. Takriban dakika 25 zilikuwa zimerudi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niitazame mara mbili katika juma moja. Kwa kuwa vipande vilivyorudi vina makovu na vingine havina, mtazamaji wa toleo hili anasoma filamu mbili kwa wakati mmoja. Kila picha inapochafuka, anajua pasipo kuambiwa: hapa pana kitu ambacho mtu fulani, mwaka 1927, alikaa mezani na mkasi akaamua kwamba mimi sina haja ya kukiona. Baada ya saa moja ya kutazama hivyo, nilianza kuona mpangilio katika uamuzi wake. Mkasi haukukata ovyo. Ulikuwa na mwelekeo, na mwelekeo wake unasema mengi kuhusu kile ambacho wauzaji walidhani filamu ya kubuni ya kisayansi inapaswa kuwa.

Tuanze na Hel. Katika nakala niliyoiona zamani, Rotwang, mvumbuzi anayeigizwa na Rudolf Klein-Rogge, ni mwendawazimu wa kawaida wa filamu: nywele zimesimama, macho yametoka, mkono wa bandia umevalishwa glavu nyeusi. Anatengeneza roboti kwa sababu wendawazimu hutengeneza roboti. Nilidhani ni udhaifu wa uandishi. Kumbe zamani alikuwapo mwanamke aitwaye Hel, aliyependwa na Rotwang, akaolewa na Joh Fredersen, mtawala wa jiji, na akafa akimzaa Freder, shujaa wetu. Nyumbani kwa Rotwang kuna sanamu kubwa ya kichwa chake iliyofunikwa kwa pazia. Fredersen, akimsubiri mwenyeji wake, analivuta pazia na kusimama akiutazama uso wa mke wake aliyekufa, uliochongwa na mwanamume aliyenyang'anywa. Rotwang anamkuta hapo. Hasira inayolipuka ni ya mtu aliyefiwa mara mbili, na roboti iliyo katika chumba cha pili inageuka kuwa jaribio la kumrudisha marehemu. Yote haya yaliondolewa, na inasimuliwa kwamba sababu mojawapo ilikuwa jina lenyewe, kwa kuwa Hel linakaribiana mno na neno la Kiingereza la jehanamu na ilihofiwa kwamba ukumbi ungecheka. Katika kisa kilichoshonwa badala yake, mashine ile ikawa kibarua wa chuma wa kuchukua nafasi ya wafanyakazi. Msiba ukafanywa kuwa mtambo.

Mtu akilijua hilo, nusu ya pili ya filamu inabadilika maana. Fredersen anamwagiza Rotwang aipe roboti sura ya Maria, binti anayewahubiria wafanyakazi subira katika mapango ya chini ya jiji, ili awavuruge na kuvunja imani yao. Rotwang anakubali upesi mno. Katika nakala ya zamani nilidhani ni utii. Sasa naona ni mtego, kwa kuwa mashine inayomtumikia Fredersen machoni inatumwa gizani kumwangamiza yeye, mwanawe na jiji lake. Uovu wa roboti yule una chanzo, na chanzo chake ni jiwe lililofunikwa kwa pazia.

Kundi la pili la makovu lipo kwa watu wadogo. Hapa ndipo nilipobadili mawazo kabisa kuhusu Lang kama msimuliaji. Katika filamu iliyokatwa, Freder, mtoto wa tajiri anayeigizwa na Gustav Fröhlich, anashuka kwenye mitambo, anabadilishana nguo na mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi huyo anatoweka kama mtu aliyeingia chumba kisicho na mlango wa pili. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Anaitwa Georgy, nambari yake ni 11811, na katika filamu kamili tunaondoka naye. Anakaa kwenye gari akiwa amevaa suti ya hariri isiyo yake, anakuta fedha mfukoni, anamwona mwanamke wa kitajiri katika gari jingine, na makaratasi ya matangazo ya Yoshiwara, jumba la starehe, yanaingia dirishani kama theluji. Alikuwa ameagizwa aende nyumbani kwa Josaphat, karani aliyefukuzwa kazi na Fredersen, akamsubiri Freder. Haendi. Kwa usiku mmoja, mtu ambaye maisha yake yote ni kusukuma mikono ya mtambo kwa zamu ya saa kumi mfululizo anachagua kwenda kuona wanakokaa wenye fedha, na mwigizaji Erwin Biswanger anaufanya uso wake kuwa wa mtoto na wa mwizi kwa pamoja. Sehemu yote hii imejaa mikwaruzo. Ndiyo sehemu ya kibinadamu kuliko zote katika filamu, na ndiyo iliyoonekana haina kazi.

Naye Mwembamba, jasusi wa Fredersen, ambaye katika nakala fupi husimama tu nyuma ya bwana wake kama mwavuli uliofungwa, anapata kazi ya kufanya. Fritz Rasp anamwigiza kwa utulivu wa kutisha. Anamkamata Georgy asubuhi akitoka kwenye starehe zake, anakwenda kwa Josaphat, anamwekea fedha mezani, anaongeza, na fedha zinaposhindwa anahamia kwenye vitisho. Josaphat, anayeigizwa na Theodor Loos, anatetemeka na bado anakataa. Baadaye Georgy anakinga kwa mwili wake kisu kilichokusudiwa kumwua Freder. Nilipoiona hiyo nilisimamisha filamu. Katika nakala yangu ya zamani mtu yule alikufa bila mimi kujua ni nani, na kwa kuwa sikumjua, kifo chake hakikuwa na uzito wowote. Sasa nilikuwa nimekaa naye garini, nimemwona akiteleza na kujuta, na alianguka kama mtu ninayemfahamu.

Kwa hiyo mkasi uliacha nini? Uliacha mnara, mitambo, roboti, mafuriko na wapenzi wawili. Uliondoa marehemu, karani, kibarua na jasusi, yaani watu ambao kwao jiji lile ni mahali pa kuishi. Nilikuwa nimelaumu filamu kwa kuwa na majengo makubwa yasiyo na watu, kumbe watu walikuwa wametolewa nje. Nusu ya hukumu yangu niliyoifuta ni hiyo.

Isifikiriwe kwamba usafi wa picha ni jambo dogo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na katika nakala chafu nilikuwa naona tu kwamba vinaelea. Sasa ninaona jinsi vilivyoundwa. Mpigapicha Eugen Schüfftan alikuwa amebuni mbinu ya kuweka kioo cha kujitazamia mbele ya kamera kwa mshazari wa nyuzi 45, akikwangua rangi ya fedha nyuma ya kioo mahali fulani tu. Kamera iliona kupitia sehemu iliyokwanguliwa waigizaji waliosimama mbali, na katika sehemu iliyobaki iliona taswira ya mfano mdogo wa jengo uliowekwa pembeni. Viwili hivyo vikaungana ndani ya lenzi siku ileile ya kupiga picha, bila kazi ya maabara baadaye. Katika toleo hili unaweza kuutafuta mpaka kati ya kioo na tundu, na mara nyingi hutaupata. Magari ya barabara za juu yalisogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, fremu baada ya fremu, siku nyingi zikitoa sekunde chache. Pete za mwanga zinazopanda na kushuka kuizunguka roboti inapopewa sura ya Maria zilipatikana kwa kuurudisha mkanda nyuma na kuupiga picha tena juu ya picha, mara kadhaa, na kosa moja mwishoni lingeharibu yote yaliyotangulia. Vazi la roboti lenyewe, kazi ya mchongaji Walter Schulze-Mittendorff, halikuwa la chuma. Lilifinyangwa kwa ubao laini wa kufinyanga juu ya umbo la mwili wa Brigitte Helm, kisha likapakwa rangi ya metali, na usafi mpya wa picha unaonesha viungo vya magoti na viwiko vilivyokatwa ili binti aliyekuwa ndani aweze kukaa na kusimama.

Helm anastahili sentensi zake mwenyewe. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, naye anaigiza Maria mtakatifu na Maria wa bandia bila kubadili sura. Yote anayafanya kwa shingo, mabega na jicho moja linalofumba kidogo kuliko jingine. Katika nakala yangu ya unga jicho hilo halikuonekana, na nilidhani tofauti kati ya wanawake hao wawili ni wanja tu.

Muziki nao ni ukarabati wa aina yake, na pengine uti wa mgongo wa kazi yote. Gottfried Huppertz aliitungia filamu muziki wa okestra ulioandamana na onyesho la kwanza, na katika karatasi zake za muziki aliandika alama zaidi ya elfu moja zinazoonesha ni tukio gani liko kwenye skrini wakati noti fulani inapopigwa. Wakati vipande vimetawanyika na hakuna ajuaye kipi kilitangulia, karatasi hizo ndizo zilizohifadhi mpangilio, zikisaidiwa na kadi za wakaguzi wa filamu wa Ujerumani zilizonakili maneno ya kila kibao. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba filamu bubu iliokolewa na sauti yake. Nikiisikiliza sasa, ninagundua pia kwamba uigizaji niliouona umetiwa chumvi unalingana na okestra hiyo kama dansi inavyolingana na ngoma. Kuucheza pamoja na piano iliyookotwa popote kulikuwa kuutukana.

Sasa nusu ya hukumu niliyobaki nayo. Ukarabati unarudisha kilichokatwa, hauponyi kilichozaliwa kikiwa na kasoro. Kisa alichoandika Thea von Harbou, aliyekuwa mke wa Lang, kinamalizika mbele ya kanisa kuu kwa msimamizi wa wafanyakazi na mtawala wa jiji kushikana mikono, Freder akiwa katikati kama moyo unaounganisha kichwa na mikono. Hakuna mshahara uliojadiliwa, wala zamu iliyofupishwa. Watoto wa wafanyakazi wamenusurika kuzama katika maji yaliyofunguliwa kwa hila ya mtawala huyohuyo, naye anasamehewa kwa sababu nywele zake zimegeuka nyeupe usiku mmoja. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza H. G. Wells aliishambulia filamu hii mwaka 1927 katika New York Times kwa ukali ambao hadi leo unachekesha kuusoma, na ingawa hakuwa na haki kuhusu picha zake, kuhusu hitimisho sina la kumtetea Lang. Lang mwenyewe alikuja kulikana wazo hilo miaka ya baadaye. Harbou alijiunga na chama cha Wanazi. Lang akaondoka Ujerumani mwaka 1933. Sipendi kusoma filamu kwa kuangalia wasifu wa watengenezaji wake, lakini umati ule unaotembea kwa pembetatu iliyonyooka kumwelekea bwana wake mlangoni mwa kanisa unanikosesha raha, na picha ilivyo safi zaidi ndivyo pembetatu inavyoonekana imenyooka zaidi.

Hata hivyo filamu inajua zaidi ya maandishi yake, na ushahidi uko katika dakika za mwanzo kabisa, zile ambazo hazikuhitaji kupatikana Argentina. Zamu mbili za wafanyakazi zinapishana kwenye lango. Walioingia wanatembea kwa mdundo mmoja, vichwa vimeinama. Waliotoka wanatembea kwa nusu ya mwendo huo. Hakuna neno linaloandikwa. Mtu aliyepanga tofauti hiyo ya mwendo alielewa uchovu kuliko mtu aliyeandika kupeana mikono, na inawezekana kabisa kwamba wote wawili walikuwa wameketi meza moja ya chakula.

Kuna mahali pawili ambapo hata Buenos Aires haikuweza kusaidia. Mahubiri ya mtawa katika kanisa kuu hayapo, na wala halipo pambano la Fredersen na Rotwang ambalo linampa Maria nafasi ya kutoroka nyumba ya mvumbuzi. Hapo picha inaondoka na mahali pake pakawekwa kibao cha maandishi, kwa herufi tofauti na zile za filamu ili mtazamaji asidhani ni za Lang, kikieleza kwa mistari michache kwamba wanaume hao wawili wanapigana. Ni kilele cha uadui uliofukiwa chini ya pazia lile, wazee wawili hatimaye wakishikana makoo kwa ajili ya mwanamke aliyekufa miaka mingi iliyopita, na baada ya yote niliyorudishiwa ndicho kitu nilichotaka kuona kuliko vyote. Nilikisoma kibao hicho mara tatu. Okestra haikunisubiri, muziki wa Huppertz uliendelea, na Maria alipoonekana tena alikuwa tayari yuko nje ya nyumba.